Tarehe ya Mwisho Kufunguliwa

Kilichotoweka kwanza ni mlio.

Steshenari ya Hezekia ilikuwa chumba kimoja kwenye barabara inayoteremka kuelekea stesheni ya Kilosa, na waliokuwa wakipita hapo walizoea kuvisikia vidole vya Anastazia kabla ya kumwona mwenyewe. Hakuchapa kwa kudonoadonoa kama watu wanaotafuta herufi. Mlio wake ulikwenda mfululizo, kama choroko zinazomwagwa kwenye ungo, ukatulia kidogo mwisho wa mstari, ukaanza tena. Sasa chumba kilikuwa na ngurumo ya feni ya kompyuta tu, na mara mojamoja kidole cha Hezekia, tak, halafu kimya, halafu tak.

"Leo tena unachapa mwenyewe?" Mwanasha aliuliza kutoka barazani kwake. Alikuwa akikaanga chapati mlango wa pili, na hakuna lililompita.

"Kazi si nyingi."

"Si nyingi au zimemfuata mwenyewe Mikumi?"

Hezekia aliigeukia skrini. Alisukuma kipanya, akabofya faili moja kwa kitufe cha kulia, akashuka mpaka mstari wa mwisho, akasoma. Mwili wake ukapoa. Faili la Filipo lilikuwa limefunguliwa leo. Na Anastazia, mkewe, alikuwa ameondoka tangu wiki iliyopita.

Ili jambo hili lieleweke inafaa kumjua kwanza huyo mwanamke.

Anastazia alizaliwa Ulaya, kile kijiji cha hukohuko Kilosa, kwenye nyumba ya wakulima wa mahindi na ufuta. Masista walimfundisha taipu kwa mashine nzito iliyofunikwa kitambaa ili wanafunzi wasizione herufi. Tangu hapo hakuziona tena. Vidole vyake vilizijua vyenyewe. Aliajiriwa ofisi ya shamba la mkonge upande wa Kimamba, na huko, akiwa bado binti, aliolewa na Filipo, mshika bendera wa reli pale Munisagara, mwalimu wa kwaya siku za Jumapili. Waliishi vizuri, hawakupata mtoto. Filipo aliugua homa mwishoni mwa zile mvua kubwa zilizokata reli, akafariki kabla garimoshi halijaanza kupita tena. Anastazia alikaa eda yake ya kimila nyumbani kwa wakwe Masanze, akanyolewa nywele, akarudi kazini na kitambaa cheusi kichwani.

Muda si mrefu shamba likauzwa. Mwenye mali mpya alihitaji wakata mkonge, hakuhitaji mtu wa taipu wala mtunza stoo. Mtunza stoo alikuwa Hezekia. Alikuwa mtu wa makamo ambaye mkewe wa kwanza alimwacha zamani na kumwachia binti mmoja, Grace, aliyeolewa Dodoma. Yeye na Anastazia walipunguzwa kazi siku moja, wakatoka getini pamoja, kila mmoja na bahasha yake. Njia nzima hawakusema kitu, mpaka karibu na mnada wa ng'ombe Hezekia alipouliza, "Sasa wewe utachapa wapi?"

Ndivyo alivyoposa, kwa swali hilo. Na jibu lake lilikuwa kompyuta iliyotumika, iliyonunuliwa Morogoro na kubebwa kwenye basi juu ya mapaja yake kama mtoto mgonjwa.

Walifunga ndoa bila kelele. Mambo yakaenda. Watu waliozoea kupanga foleni ya vibali vya serikali sasa walitaka kuandikisha makampuni yao, vikundi vyao, maombi ya viwanja, risala, kadi za harusi. Wafugaji wa Parakuyo walikuja na ramani za vijiji vyao, wakulima wakaja na malalamiko dhidi ya wafugaji, na Anastazia aliwachapia wote kwa vidole vilevile, wote wakatoka wameridhika. Hezekia alikaa pembeni akikata karatasi. Nyakati zile hakumwonea wivu mtu yeyote. Alimtazama mkewe akichapa na kuona fahari, kama mtu aliyepanda mwembe mchanga akaona unazaa.

Kisha akaja Goodluck.

Goodluck alikuwa mdogo wake Filipo. Alifika na baiskeli kutoka Masanze, vumbi mpaka kwenye kope, akiwa na karatasi iliyokunjwa mfukoni.

"Shikamoo shemeji."

"Marahaba, shemeji Goodluck. Wazima wote?"

"Wazima. Tumeamua kulijengea kaburi la kaka. Padri atakuja kulibariki, na wazee wanataka wasifu wa marehemu usomwe upya. Ule wa siku ya msiba uliandikwa haraka, hata jina la babu lilikosewa." Alimgeukia Hezekia, akainama kidogo. "Kwa ruhusa yako, mzee."

"Hii ni ofisi," Hezekia alisema. "Wateja hawaombi ruhusa."

Anastazia alichapa. Hezekia alijifanya anapanga karatasi, kumbe anamtazama usoni. Hakulia. Hilo ndilo lililomchoma. Mtu anayelia anatoa kitu nje, kinaonekana, kinakauka. Anastazia alichapa maisha ya mume wake wa kwanza tangu kuzaliwa hadi kufa bila kutazama kibodi, uso umetulia, na mwisho akasoma kwa sauti ili Goodluck asahihishe. Aliposoma "mwalimu wa kwaya" sauti yake ilishuka kidogo. Labda ilishuka. Hezekia alikuja kuikumbuka sauti ile mara nyingi, na kila alipoikumbuka ilikuwa imeshuka zaidi.

"Hili faili nilifute humu ndani, au nilitunze?" Anastazia aliuliza.

"Tunza, shemeji. Nakala zikiisha tutarudi."

Akalihifadhi. Jina la faili likawa FILIPO.

Pengine yangeishia hapo, kama fundi Saibulu asingekuja kufunga printa mpya. Saibulu alitoka boma moja la tambarare za huko chini, akasoma mambo ya kompyuta Morogoro, na sasa alizunguka kati ya Kilosa na Mikumi na begi la vifaa begani na sime ya baba yake kiunoni. Alipenda kufundisha. Akimaliza kazi alikuonyesha jambo moja la ziada, kama muuza nyama anavyoongeza kipande.

"Ona hapa mzee. Kila faili lina sifa zake. Hii tarehe, limezaliwa lini. Hii, limebadilishwa lini. Na hii ya mwisho, limefunguliwa lini."

"Hata kama mtu hakubadili kitu? Kalisoma tu?"

"Hata kama kalisoma tu. Siku yake inaandikwa."

Fundi alipoondoka, Anastazia alikuwa ametoka kununua mboga. Hezekia alibofya FILIPO kwa kitufe cha kulia. Lilizaliwa mwezi uliopita. Lilibadilishwa siku hiyohiyo. Lilifunguliwa leo.

Alikaa akiutazama mstari ule mpaka mteja akakohoa mara mbili.

Kesho yake akatazama tena: leo. Keshokutwa: leo. Goodluck hakuwa amerudi, wala hakuna mteja aliyeomba kitu kile. Basi ni nani? Chumba kilikuwa na watu wawili tu, na mmoja wao alijua vizuri kwamba yeye hakuusoma wasifu ule hata mara moja, aliangalia tarehe tu. Aliyebaki ni yule anayechapa bila kutazama chini. Kila siku, kati ya risala na kadi za harusi, mkewe alikuwa akilifungua lile faili na kumsoma Filipo. Hezekia alijua hivyo kama anavyojua jina lake.

Kumwonea wivu mtu aliye hai kuna nafuu yake. Mtu aliye hai huzeeka, hukopa asilipe, hutema mate barabarani, na ukimtazama kwa muda unamwona alivyo. Filipo alikuwa amesimama palepale Munisagara na bendera yake ya kijani, hanenepi, hapandishi sauti, akifundisha kwaya ambayo haikosei. Hezekia alianza kusikia nyimbo ambazo mkewe alizinong'ona wakati wa kufua na kujiuliza nani kamfundisha. Aliona anavyofuta vumbi kwenye kibodi kwa pembe ya kanga, polepole mno. Alimwona akicheka na mteja, akafikiri, hivi ndivyo alivyomchekea yule. Usiku Anastazia alipogeuka kitandani, Hezekia alihesabu kuwa ameupa mgongo moyo wake, si kwamba anakimbia joto.

Ungemuuliza kwa nini asilifute faili lenyewe, asingekosa jibu. Angesema Goodluck atakuja kulitaka. Ukweli ni kwamba akilifuta, angejuaje? Asubuhi alipoamka, kitu cha kwanza alichokitamani hakikuwa chai. Alitamani kuuona mstari ule, ili aumie mahali palepale.

Jumapili moja alitega mtego. Alificha ufunguo wa kufuli la steshenari ndani ya soksi, akamwambia Anastazia kichwa kinamuuma, aende kanisani peke yake. Alipoondoka, Hezekia akateremka haraka, akafungua, akawasha. Limefunguliwa leo.

Mtu mwingine angejiuliza mwenye ufunguo ni nani. Hezekia aliketi kwenye kiti cha mkewe akatafuta njia ambayo mkewe angeweza kupita, na akaipata: alfajiri, kabla hajaficha ufunguo, Anastazia alikuwa amekuja kuchukua kitabu chake cha nyimbo alichokisahau juu ya meza. Dakika chache zingetosha. Kwa mwenye kiu ya namna hiyo, hata dakika chache hutosha. Ushahidi uliokuwa unamtetea mkewe akaugeuza ukawa wa kumshtaki, akafunga mlango, akarudi nyumbani kulala na maumivu ya kichwa ambayo sasa yalikuwa ya kweli.

Alimwambia siku ya mnada, mchana, barabara imejaa watu na mifugo.

"Unamsoma kila siku."

Anastazia aliacha kuchapa. "Namsoma nani?"

"Usinifanye mtoto. Filipo. Unamfungua humu kila siku ya Mungu, na mimi nimekaa hapa nakata karatasi."

"Baba Grace, lile faili la kina Goodluck? Tangu nilipolichapa sijaligusa."

"Mashine inasema umeligusa leo."

"Leo nimechapa barua ya yule mfugaji Nalepo, ya josho la ng'ombe, na mitihani ya shule. Ulikuwa umekaa hapo."

"Mashine haina mume wa zamani, Anastazia. Haina sababu ya kudanganya."

Nje, mlio wa mafuta kwenye karai la Mwanasha ulipungua. Alikuwa ameacha kugeuza chapati ili asikie vizuri. Anastazia alitazama mikono yake, halafu akamtazama mumewe, na kwa mara ya kwanza Hezekia aliona uso ule umechoka. Ulikuwa umechoka zamani. Yeye alikuwa akiangalia tarehe.

"Sikiliza nikwambie," alisema. "Mimi Filipo nilimzika. Nilishika udongo kwa mkono huu nikautupa. Wewe hukuwepo. Sasa wewe ndiye unayemfukua kila siku, halafu unaniuliza mimi kwa nini ananuka."

"Apa basi."

"Siapi."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nimeshakwambia. Nikiapa leo, kesho utataka nini?"

Alifunika kibodi kwa kitambaa, kama masista walivyomfundisha. Kesho yake alipanda lori la mkaa lililokuwa likipitia Ulaya, akaenda Mikumi kwa dadake Magreti, aliyekuwa mpishi kwenye hosteli ya watalii. Hakuchukua chochote cha steshenari.

Sasa turudi pale tulipomwacha Hezekia, mwili umepoa mbele ya skrini. Mkewe yuko Mikumi, na faili limefunguliwa leo.

Wazo la kwanza lilikuwa kwamba ana ufunguo wa pili. Akanunua kufuli jipya. Kesho yake: leo. Akamuuliza Mwanasha kama amemwona mtu.

"Nimekuona wewe," Mwanasha alisema. "Kila asubuhi unaingia kama mtu anayekwenda kwa mwanamke wa nje. Hata hujafagia."

Wazo la pili hakumwambia mtu. Alilifikiria akiwa peke yake, mchana kweupe, feni inanguruma. Kwamba anayelifungua ni Filipo mwenyewe. Kwamba mshika bendera wa Munisagara huja kujisoma. Hezekia alikuwa mtu wa stoo, aliamini vitu vinavyoonekana na kupimwa, lakini siku hiyo aliacha mlango wazi na kusogeza kiti chake mbali na mashine.

Ndipo akamwita Saibulu, akamwambia printa inakwama.

"Shikamoo mzee. Mbona printa ni nzima?"

"Marahaba. Kaa." Hezekia alifunga mlango. "Lile jambo ulilonionyesha. Inawezekana tarehe ikaandikwa bila mtu kulifungua faili?"

"Nionyeshe unavyoangalia."

Hezekia akabofya kitufe cha kulia, akashuka, akamwonyesha. Saibulu alitazama mkono wake, hakutazama skrini.

"Huwa unaangalia hivyo kila siku?"

"Kila siku."

"Basi ni wewe, mzee."

"Mimi nini?"

"Wewe ndiye unayelifungua. Kompyuta ili ikuonyeshe sifa za faili la namna hii inabidi ichungulie ndani yake. Na kuna kiprogramu kinachokaa kati ya Windows na diski, kazi yake ni kusoma na kuandika tu. Sisi tunakiita draiva. Kikiona faili limeguswa, kinaandika tarehe ya leo. Hakiulizi kaligusa nani, wala kwa nia gani. Ukija kusoma, tayari kimeshaandika."

"Kwa hiyo kabla sijaangalia..."

"Kabla hujaangalia kulikuwa na tarehe nyingine. Ila kwa njia hiyo huwezi kuiona, maana ukiangalia unaifuta."

Hezekia aliondoa mkono kwenye kipanya. Kisha akasema, kwa ukaidi wa mtu anayeshikilia kamba iliyokwisha kukatika, "Thibitisha."

Saibulu alicheka. "Rahisi. Naenda Mikumi, nitarudi wiki ijayo. Usiliguse. Usiangalie hata sifa zake. Nikirudi tutaingia kwa skrini nyeusi ya zamani, ile inayoorodhesha majina na tarehe bila kufungua kitu. Utaona yenyewe."

Siku zile zilikuwa ndefu kuliko eda. Hezekia aliikalia mikono yake. Alichapa ovyo, akaharibu kadi za harusi ya watu, akafagia mara mbili mpaka Mwanasha akamtania kwamba amepata mchumba. Mara kadhaa kipanya kilifika juu ya jina lile, akakirudisha pembeni. Alikuwa amemwomba mkewe aape. Yeye hakuweza kukaa wiki moja bila kutazama. Lakini alikaa.

Saibulu aliporudi, akaifungua skrini nyeusi, akaandika maneno machache, na majina yakashuka kwa mistari. Pembeni ya FILIPO palikuwa na tarehe ya siku ile Hezekia alipomwonyesha fundi mkono wake unavyobofya. Tangu hapo hapakuwa na mtu. Hapakuwa na mtu wakati wowote.

"Umeona?" Saibulu alisema. "Kwenye flopi, ile diski ndogo ya kuchomeka, huwezi hata kupata shida hii. Hii Windows haiandiki tarehe ya kufunguliwa kwenye flopi, labda uilazimishe. Flopi huenda polepole, ikiandikwa kila saa inachoka."

Fundi alipokwenda zake, Hezekia alilifungua faili kwa mara ya kwanza kulisoma. Ulikuwa ukurasa mmoja. Alizaliwa Masanze. Alisoma shule ya msingi. Alifanya kazi reli. Alikuwa mwalimu wa kwaya. Alifunga ndoa na Anastazia. Aliugua. Ameacha mama, ndugu, na mjane mmoja. Basi. Hapakuwa na neno ambalo mtu angerudi kulisoma kila siku. Hezekia alifikiri juu ya ukurasa wake mwenyewe siku itakapofika, na nani atauchapa.

Alilinakili kwenye flopi, akaliondoa kwenye mashine, akapanda basi la Mikumi.

Alimkuta Anastazia kwenye kibanda cha mabati kando ya barabara kuu, malori ya Zambia yakipita na kutikisa kuta. Alikuwa ameazima taipu ya hosteli. Alichapa mpaka mwisho wa mstari ndipo akainua uso.

"Karibu, Baba Grace. Kaa hapo, kiti kina mguu mbovu."

Hezekia alieleza yote, kitufe cha kulia, draiva, skrini nyeusi, wiki nzima bila kugusa. Alieleza kama alivyoelezwa, bila kuruka kitu, na alipofika mwisho akaweka flopi juu ya meza.

"Humu tarehe haiandikwi," alisema. "Hata ukilifungua, hakuna atakayejua."

"Sasa unaniletea ili iweje?"

Hezekia aliisogeza flopi kidogo juu ya meza.

"Ulikuwa wewe," Anastazia alisema.

"Nilikuwa mimi."

"Na kama fundi asingekwambia?"

Lori lilipita. Hezekia alingoja lipite, na lilipopita bado alikuwa akingoja.

"Mashine iliposema mimi mwongo, uliiamini mashine," Anastazia alisema, sauti ya kawaida kabisa, kama anayesahihisha risala na mteja. "Sasa mashine imesema mimi mkweli, umeiamini mashine. Mimi nilikwambia siku ileile, umekaa umbali huohuo. Kwangu mimi hukuja hata mara moja."

"Nimekuja sasa."

"Umekuja na maneno ya fundi, Baba Grace."

Alimpa chai. Aliuliza habari za Grace, za Mwanasha, za kadi zilizoharibika, akacheka kidogo kwa zile kadi. Basi la kurudi lilipopiga honi alimsindikiza mpaka kituoni, akamshika mkono kwa heshima, kama watu wanavyomshika mfiwa. Flopi aliirudisha mfukoni mwa koti la Hezekia. Akasema ampelekee Goodluck, ndiye mwenyewe.

Hezekia aliketi dirishani upande wa kibanda. Kabla basi halijakata kona alisikia, au alidhani amesikia, choroko zikimwagwa kwenye ungo.

Anastazia yuko Mikumi hadi leo. Kibanda amekiezua akajenga chumba cha matofali, ana kompyuta mbili, na kila Jumapili anaimba sauti ya pili kanisani.